Kadishi ya Elisabethville: Wayahudi wa Rhodes Nchini Kongo na Kumbukumbu ya Wafu Wasio na Makaburi

Mwaka 1952 kilichapishwa mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kitabu cha Kifaransa kiitwacho Les martyrs juifs de Rhodes et de Cos. Mwandishi wake, Hizkia Franco, aliwahi kuiongoza jumuiya ya Wayahudi ya kisiwa cha Rhodes, na kitabu chenyewe kinahusu kuangamizwa kwa jumuiya hiyo pamoja na ile ndogo ya kisiwa jirani cha Kos. Msomaji wa Matendo ya Mitume anavijua visiwa hivyo kwa majina ya Rodo na Kosi, kwani mtume Paulo alivipitia katika safari yake. Viko katika Bahari ya Aegean, karibu na pwani ya Uturuki. Inafaa kuuliza basi: kwa nini kitabu cha kuomboleza watu wa visiwa vile kikachapishwe katika mji wa shaba, maelfu ya kilomita kusini, ambako hakuna bahari?

Jibu fupi ni kwamba ndugu za wafu walikuwa huko. Makala haya yanakusudia kulieleza jibu hilo kwa urefu kidogo, na kuonyesha jinsi kundi dogo la wafanyabiashara na familia zao lilivyoshikamana baada ya msiba ambao haukuacha kaburi hata moja. Inadaiwa hapa kwamba umoja ule haukuletwa na huzuni yenyewe. Huzuni peke yake humfungia mtu ndani ya nyumba yake. Kilichowaunganisha watu wa Elisabethville ni kazi: kuyaandika majina, kuitafuta tarehe, kuhudhuria. Na kama kazi nyingine zozote, ile nayo ilikuwa na mipaka yake, ambayo haifai kufichwa.

Suala hili si geni kwa wasomaji wa Kivu ya Kaskazini. Sake haina sinagogi. Ni mji mdogo ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, yapata kilomita 25 kutoka Goma, mahali ambapo barabara hugawanyika: moja huambaa ziwa kuelekea Minova na Bukavu, nyingine hupanda Mushaki kuelekea Masisi na Walikale, na nyingine huenda Kitshanga. Kwa zaidi ya miaka thelathini kila vita vya Masisi vimewateremsha watu hadi kwenye njia panda hiyo, wakiwa na watoto migongoni na magodoro vichwani, na wengi wao wameacha nyuma maiti ambazo hawakuwahi kuzifanyia kilio. Anayeishi mahali kama hapo ana sababu ya kutaka kujua jinsi watu wengine walivyofanya.

Kutoka Rhodes hadi Katanga

Wayahudi wa Rhodes walikuwa Wasefaradi, yaani wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492. Waturuki walikiteka kisiwa hicho mwaka 1522, na chini ya utawala wao wakimbizi wale wakaweka makazi ndani ya kuta za mji wa kale, katika mtaa ulioitwa Juderia. Sinagogi yao ya Kahal Shalom, iliyojengwa mwaka 1577, ingali ikisimama. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kihispania cha Wayahudi, ambacho wengi hukiita Kiladino: Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, na kilichoandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiebrania. Hali hiyo haitamshangaza mtu anayekijua Kiswahili na historia ya hati zake za Kiarabu.

Italia ilikitwaa kisiwa mwaka 1912. Kabla ya hapo vijana walikuwa wameshaanza kuondoka, kwa kuwa kisiwa kilikuwa kidogo na biashara ilikuwa imedhoofu. Wengine walikwenda Marekani, wengine Argentina, wengine Rhodesia. Waliokwenda Katanga walifuata reli, iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini. Utaratibu wao ulikuwa ule ule unaojulikana kwa Wahindi na Waarabu wa Afrika ya Mashariki: mmoja hutangulia na kufungua duka, likisimama, humwandikia mpwa wake aje awe karani, mpwa naye baada ya miaka michache hufungua duka lake mwenyewe katika kituo kinachofuata cha reli, kisha huagiza mchumba kutoka nyumbani. Hivyo majina ya Juderia, kama vile Alhadeff, Benatar, Hasson, Israel na Franco, yakaonekana juu ya milango ya maduka ya Katanga. Walihitaji Kiswahili kabla ya Kifaransa, kwa sababu mteja aliyekuja kununua kitenge alisema Kiswahili.

Sinagogi ya Elisabethville ilijengwa mwaka 1930. Mwaka 1937 alifika rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyesomea katika chuo cha marabi cha kisiwa hicho. Alikaa Kongo hadi mwaka 1991, yaani zaidi ya miaka hamsini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa rabi mkuu wa nchi nzima. Ni vigumu kuutaja mji mwingine wa Afrika ya Kati ambamo kiongozi mmoja wa dini alikaa muda mrefu hivyo, akiwatahiri watoto, akawaoza, kisha akawaoza na watoto wao.

Julai 1944

Mwaka 1938 Italia ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Chuo cha marabi kilifungwa, na wengi wakapoteza haki zao za uraia. Waliokuwa na jamaa Afrika walijitahidi kuondoka. Waliobaki walikuwa hasa wazee, wanawake, watoto, na wale ambao hawakupata nauli au karatasi. Basi msiba uliokuja baadaye uliwakuta wazazi na wadogo wa watu waliokuwa Katanga, na jambo hili ndilo ufunguo wa habari yote. Wenye maduka wa Elisabethville hawakuomboleza taifa kwa ujumla. Waliwaomboleza mama zao.

Italia iliposalimu amri mwezi Septemba 1943, Wajerumani walikishika kisiwa. Katikati ya Julai 1944 wanaume wa Kiyahudi waliamriwa kujikusanya katika jengo lililokuwa la jeshi la anga la Italia. Kesho yake wanawake na watoto wakaamriwa kuwafuata na vitu vyao vya thamani. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alidai waachiwe waliokuwa raia wa nchi yake pamoja na jamaa zao, akawaokoa zaidi ya watu arobaini. Waliosalia, takriban 1,700, walipakiwa katika majahazi ya mizigo tarehe 23 Julai. Huko Kos walichukuliwa wengine karibu 100. Safari ya baharini hadi Piraeus, bandari ya Athens, ilikwisha mwishoni mwa Julai. Kisha garimoshi likaondoka mwanzoni mwa Agosti, na kufika Auschwitz tarehe 16 Agosti 1944. Wengi waliuawa siku ileile. Waliotoka hai kutoka Rhodes walikuwa takriban 150.

Inafaa kulitazama suala hili kwa kalenda ya Kiyahudi. Tarehe 23 Julai 1944 ilikuwa siku ya 3 ya mwezi wa Av, mwaka 5704. Siku tisa za mwanzo za mwezi huo ni siku za maombolezo, na kilele chake ni tarehe 9, siku ya kufunga ambayo Wayahudi huyakumbuka maangamizi ya Hekalu la Yerusalemu, la kwanza na la pili. Masimulizi ya Wasefaradi huiunganisha siku hiyo pia na kufukuzwa kwao Uhispania. Mwaka ule siku ya 9 Av iliangukia tarehe 29 Julai, nayo mfungo ukasogezwa mbele siku moja kwa heshima ya Sabato. Watu wa Rhodes walikuwa bado safarini baharini.

Wafu wasio na tarehe

Habari zilifika Elisabethville polepole. Majeshi ya Wajerumani katika visiwa vile yalisalimu amri mwezi Mei 1945, na mnamo mwaka huo ikaanza kujulikana kwamba Juderia ilikuwa tupu. Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo kwa mtu asiyefuata sheria ya Kiyahudi laweza kuonekana dogo.

Maombolezo ya Kiyahudi yamefungwa na hesabu za siku. Baada ya mazishi, jamaa wa karibu hukaa chini kwa siku saba, ambazo huitwa shiva. Kisha kuna siku thelathini. Kisha, kwa aliyefiwa na mzazi, mwaka mzima. Kwa muda wa miezi kumi na moja mwana husoma kadishi, sala ya Kiaramu ambayo, ajabu yake, haikitaji kifo hata mara moja. Yote ni kulitukuza jina la Mungu. Tena kila mwaka, tarehe ya kufa inaporudi, jamaa hukutana kumkumbuka marehemu. Wasefaradi wenye kusema Kiladino huliita kusanyiko hilo meldado, neno linalotokana na meldar, yaani kusoma. Mswahili wa pwani ataielewa mantiki hiyo bila kufafanuliwa, maana naye humsomea maiti wake hitima. Mahali pote pawili wafu hutunzwa kwa kusoma, na kwa chakula kinachofuata kisomo.

Hesabu zote hizi hutegemea mambo mawili: siku ya kufa na siku ya kuzika. Kwa wafu wa Rhodes la kwanza halikujulikana kwa hakika, na la pili halikuwapo. Tena ipo kanuni ya kale inayohusu habari ya mbali: mtu akipashwa habari ya msiba baada ya siku thelathini kupita tangu kifo, hakai siku saba, hukaa chini kwa muda wa saa moja tu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa huruma, ili msafiri asilemewe na msiba uliokwisha kupoa. Lakini kwa mtu wa Elisabethville aliyeambiwa mwaka 1945 kwamba kaka na dada zake waliuawa mwaka uliopita, maana yake ilikuwa kwamba sheria ilimpa saa moja.

Kipimo cha mtu mmoja mmoja kikiwa kimeshindwa, ilibaki njia ya jumuiya. Watu wenye asili ya Rhodes, popote walipo, wameishika siku ya kuchukuliwa, mnamo 23 Julai au 3 Av, kuwa ndiyo siku ya wafu wao. Huko Israeli, baada ya vita, marabi wakuu walichagua tarehe 10 ya mwezi wa Tevet, ambayo tangu zamani ilikuwa siku ya kufunga kwa ajili ya kuzingirwa kwa Yerusalemu, iwe siku ya kadishi kwa kila asiyejulikana alikufa lini. Bunge la Israeli nalo mwaka 1951 liliweka tarehe 27 Nisan kuwa siku ya taifa. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na tarehe tatu za kumkumbuka mama yake, na hakuna hata moja iliyo na hakika ya kuwa siku aliyokufa.

Jambo hilo lina athari ambayo haionekani upesi. Marehemu mwenye tarehe yake mwenyewe hukumbukwa na watoto wake. Kila nyumba ina siku yake, na sinagogi huwa na meldado moja leo na nyingine mwezi ujao. Lakini wafu wote wakipewa siku moja, nyumba zote huja pamoja. Aliyefiwa na watu kumi hukaa karibu na aliyefiwa na mmoja, na mwenye duka kubwa huitikia amina pamoja na karani aliyemfukuza kazi mwaka juzi. Umoja wa Wayahudi wa Elisabethville, ambao kabla ya vita ulikuwa umoja wa kawaida wa watu wa kisiwa kimoja wenye kushindana katika biashara, ulipata hapo umbo jipya.

Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Sheria hutaka wawepo wanaume kumi waliofikisha umri wa miaka kumi na mitatu, idadi iitwayo minyani. Kwa hiyo aliyefiwa huwahitaji wengine tisa, na wengine tisa wanawajibika kwake hata kama hawampendi. Kuwapenda wafu ni hiari ya kila mtu. Kuamka asubuhi ili jirani apate watu kumi ni wajibu unaoonekana, na asiyefika hujulikana.

Waliobaki hai nao walianza kuwasili. Kisiwani hakukuwa na cha kurudia: nyumba zilikuwa zimechukuliwa au kuharibiwa, na mwaka 1947 Rhodes ikawa ya Ugiriki. Wengi walipitia Italia, kisha wakawaendea jamaa zao ng'ambo. Mmoja wao ni Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930. Alipelekwa Auschwitz akiwa na umri wa miaka kumi na minne pamoja na baba na dada yake, akatoka peke yake. Baada ya vita alikuja Kongo ya Wabelgiji, akaishi na kufanya kazi hapa kwa miaka mingi. Aliyoyaona hakuyasema hadharani kwa muda mrefu sana. Ni kuanzia mwaka 2005 ndipo alipojitoa kuwahutubia wanafunzi wa Italia, akirudi nao Auschwitz. Hii ina maana kwamba miaka yake ya Kongo ilikuwa miaka ya kunyamaza. Si haki basi kufikiri kwamba jumuiya iliyoshikamana katika kumbukumbu ilikuwa jumuiya iliyosema. Walikuwapo waliosoma majina kwa sauti kila mwaka, na walikuwapo, kwenye viti vilevile, waliokuwa wameyaona na wasiweze kuyasimulia.

Kitabu cha Franco cha mwaka 1952 kinaeleweka vizuri zaidi kikitazamwa hapo. Mahali ambapo hapana jiwe la kaburini, kitabu hufanya kazi ya jiwe.

Lugha iliyosahaulika

Pamoja na watu, iliangamizwa lugha. Miji mikuu ya Kiladino upande wa Ugiriki, Salonika hasa na Rhodes baada yake, ilimwagwa katika tanuri za Auschwitz. Hata hivyo katika mnara wa kumbukumbu wa Birkenau, ambako maneno ya kuwakumbuka wafu yameandikwa katika lugha walizosema, Kiladino hakikuwamo. Aliyepigania kosa hilo lisahihishwe alikuwa mwanaisimu, Haïm Vidal Sephiha, mzaliwa wa Brussels ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa Auschwitz, na ambaye baadaye alifundisha Kiladino katika vyuo vikuu vya Paris. Bamba la Kiladino liliwekwa tarehe 24 Machi 2003.

Wapo watakaosema kwamba kwa mfu ni mamoja kuandikiwa kwa lugha hii au ile. Sephiha hakukubali hoja hiyo, na alikuwa na haki. Ukimwandikia mfu kwa lugha ya watu wengine, umekwisha kumhamisha na kumpa jamaa wasio wake.

Mipaka ya kilio

Elisabethville ya miaka ile ilikuwa na misiba mingine. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai mishahara. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi; askari wakawafyatulia risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa pamoja na makumi ya wengine, na masimulizi ya wazee hutaja idadi kubwa zaidi ya ile ya serikali. Kutoka uwanja ule hadi madukani si mbali.

Hakuna sababu ya kuwalaumu wenye maduka kwa risasi za serikali ya kikoloni. Lakini mwanahistoria hana budi kuziweka habari hizi mbili upande kwa upande, kwa sababu ziko katika mji mmoja na muongo mmoja. Wafu wa Rhodes walipata kitabu, tarehe, na watu kumi wa kusimama. Wafu wa uwanjani hawakuruhusiwa kuombolezwa hadharani. Kumbukumbu yao ilikaa midomoni, na baadaye katika picha za wachoraji wa mjini. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia ya nchi kwa mfululizo katika miaka ya 1970, akaisimulia kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Basi Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya kuuzia vitenge, kilikuwa pia ghala la msiba wa upande wa pili wa mji. Vilio viwili vilipita katika mitaa ya jirani bila kusalimiana, kwani utaratibu wa kikoloni uliwatenga watu kwa rangi hata katika kufa.

Kuna mpaka mwingine, wa ndani zaidi. Kwa sheria ya Kiyahudi mtoto hufuata kabila la mama. Wafanyabiashara wengi waliokaa peke yao katika vituo vya mbali walizaa na wanawake wa Kikongo, na watoto hao, kwa sheria hiyo, hawakuwa Wayahudi. Mfano unaojulikana na wote ni wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki Kashobwe, karibu na Ziwa Mweru. Mwanawe kwa mama Mkongo, Moïse Katumbi, aliyezaliwa mwaka 1964, alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Huyo jina lake na la baba yake yanajulikana. Wengi wengine hawakujulikana. Ndugu za baba zao waliuawa Auschwitz, lakini wao hawangeweza kuhesabiwa miongoni mwa kumi wa kusoma kadishi. Hivyo damu ya Juderia ilibaki katika vijiji vya Katanga bila kuambiwa kwamba imefiwa.

Watu kumi hawapatikani tena

Mwishoni mwa ukoloni Wayahudi wa Kongo nzima walikuwa karibu 2,500, na nusu yao waliishi Elisabethville. Uhuru wa mwaka 1960 na vita vya kujitenga kwa Katanga viliwaondoa wengi. Pigo la pili lilikuja mwezi Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitakuwa mali ya Wazaire. Duka likiondoka, mwenye duka hana la kufanya. Walikwenda Brussels, Cape Town, Israeli, Italia. Huko Brussels waliotoka Kongo waliimarisha jumuiya ya Wasefaradi, na mtu aliyezaliwa Likasi akaweza kuiadhimisha Rhodes kwa Kifaransa cha Ubelgiji. Rabi Levy naye alihamia Brussels mwaka 1991, mwaka wa uporaji mkubwa katika miji ya Zaire.

Jengo la sinagogi lingali mjini Lubumbashi. Lakini jengo si minyani. Jumuiya inapofika mahali ambapo wanaume ni tisa, kadishi haisomwi, hata kama majina yote ya wafu yamo kabatini. Kitabu cha Franco kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Harare mwaka 1994. Kwa namna fulani kilikuwa kimewafuata wasomaji wake. Huko Rhodes kwenyewe, katika sinagogi ya Kahal Shalom, lipo bamba lenye majina ya koo zilizoangamizwa; na mwaka 2002 uliwekwa mnara wa mawe katika uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, mahali palipokuwa kitovu cha Juderia. Wenye asili ya Katanga huja Julai kutoka mabara manne.

Njia panda ya Sake

Kulinganisha ni kazi ya hatari. Mauaji ya kimbari ya Wayahudi yalipangwa na dola moja na kutekelezwa kwa ratiba ya reli, na watu wa Rhodes wote walikuwa upande mmoja wa msiba. Masisi na Walikale hali si hiyo. Mauaji yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, tarehe 20 Machi 1993, yalisambaa Masisi nzima kwa muda wa majuma machache. Maelfu waliuawa na zaidi ya laki mbili wakahama. Wahunde, Wanyanga na Watembo walikuwa na wafu wao. Wahutu na Watutsi walikuwa na wao. Kila upande unazo tarehe zake, na tarehe ya kilio ya huyu mara nyingine ni tarehe ambayo yule hapendi itajwe. Kumi wa kusimama hupatikana kwa urahisi, lakini ni kumi wa upande mmoja.

Sheria ya Desemba 2022 iliifanya tarehe 2 Agosti, siku vita vya mwaka 1998 vilipoanza, kuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka wahanga wa Kongo, kwa jina la Genocost. Tarehe basi imepatikana, kama 10 Tevet ilivyopatikana, na inawatosha hata wasiojua ndugu zao walikufa lini. Yaliyobaki ni majina, na hapo ndipo palipo na ugumu. Orodha ya Rhodes iliwezekana kwa sababu jumuiya ilikuwa na daftari za ndoa na vizazi, na kwa sababu maelfu ya jamaa waliokuwa ng'ambo wangeweza kuulizwa. Kijiji cha mlimani kilichochomwa mara tatu hakina daftari. Waliolijua jina la babu na shamba lake ndio haohao waliokimbia.

Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Sake tarehe 23, wakaingia Goma tarehe 27. Siku hiyohiyo ya 27 Januari, huko Poland, wafalme na marais walikuwa wamekusanyika Auschwitz kuadhimisha miaka 80 tangu kambi ikombolewe, na manusura wa kambi wakapewa nafasi ya mbele kuliko wakuu wa nchi. Kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji wa Goma, ambamo watu wa Masisi walikuwa wamekaa kwa miezi na miaka, zilivunjwa katika majuma yaliyofuata. Wengine walipanda tena Mushaki kurudi vijijini, wengine walishuka Minova, wengine wakavuka hadi Uganda na Burundi. Majina ya waliozikwa kando ya barabara kati ya Mushaki na Sake yamo vichwani mwa watu hao. Walio wazee miongoni mwao walikuwa vijana mwaka 1993.